Kusafisha na kutunza regyuleta ya gesi ya bia ya kegi, kwa sisi wa Tabora

Wadau wa bia za kegi mlioko Tabora mjini, na nyie wa Nzega, Urambo na Sikonge, leo tuongee kuhusu kile kidude ambacho kila mtu anakitegemea ila hakuna anayekigusa mpaka siku kigome, regyuleta ya gesi ya CO2, yaani kile kinachoshusha presha ya gesi ya mtungi kabla haijaingia kwenye kegi (pipa la bia). Unaweza ukapika bia yako vizuri kabisa, kimea kizuri, hamira iko hai, kegi umeiosha mpaka inang'aa, halafu regyuleta ikakuangusha, inapandisha presha yenyewe usiku kucha na asubuhi unamimina povu tupu, au gesi inapita sehemu iliyoota ukungu na bia yote inanuka uvundo. Na huku kwetu sio kwamba utashuka tu Soko Kuu ukachukue nyingine, mpaka uagize, usubiri, na ulipie usafiri, kwa hiyo hii uliyonayo inabidi uitunze haswa.

Kitu ambacho nataka kikukae kichwani kabla hujashika spana ni hiki, regyuleta nyingi za bia haziharibiki kwa uzee, zinaharibiwa na bia yenyewe iliyorudi nyuma kwenye paipu ikaingia ndani. Vumbi linachangia, joto linachangia, lakini bia ndio mharibifu mkuu. Ikishaingia inakauka, inaacha sukari inayonata, inashika diaframu (utando unaocheza ndani) na siti (pale tundu la gesi linapofungia), na hapo hata ukiifuta nje kila siku haisaidii kitu. Kwa hiyo kwenye huu mwongozo nitakaa sana kwenye kuzuia bia isirudi na kwenye kujua sehemu gani ufungue mwenyewe na sehemu gani usiguse.

Tuielewe kwanza inavyofanya kazi, fupi tu. Gesi ndani ya mtungi wa CO2 ikiwa nyuzi 20 ina presha kama bar 57 (bar na psi zote ni vipimo vya presha), ikifika nyuzi 30 inakaribia bar 72. Kegi yako inataka psi 10 mpaka 14, ambayo haifiki hata bar 1. Hiyo tofauti yote inashushwa na hicho kidude unachokishika mkononi. Ndani yake kuna springi kubwa unayoikaza kwa ile skrubu ya mbele, springi inasukuma diaframu, diaframu inasukuma kipini, kipini kinafungua tundu dogo sana ambalo linakaa kwenye siti. Presha upande wa kegi ikishafika ulipoweka, inaisukuma diaframu irudi na tundu linajifunga lenyewe. Sasa fikiria chembe moja ya vumbi au ganda la sukari limekaa hapo kwenye siti: tundu halifungi vizuri, gesi inapenya taratibu, na sindano inapanda hata kama hujagusa skrubu. Mafundi wanasema presha inatambaa.

Kabla ya usafi, maonyo mawili matatu ambayo sitaki mtu ayaruke. Regyuleta ya gesi ya kupikia usiifunge kwenye mtungi wa CO2 hata kama kuna fundi anakwambia atatafuta adapta. Ile imetengenezwa kwa mtungi wenye presha ya bar chache tu, ukiipa bar 70 inapasuka mkononi. Ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea nayo iache kwao, thredi zake tofauti, na ikishakuwa na mabaki ya bia au grisi halafu ikarudishwa kwenye oksijeni inaweza kuwaka moto. Na wale mnaotafuta mitungi ya bei rahisi, mtungi wa zima moto wa CO2 ndani una bomba linaloshuka mpaka chini ili utoe kimiminika, sio gesi, ukiufungia regyuleta ya bia unaipitishia kimiminika baridi kali na sili zote zinakwisha. Ni sababu hiyo hiyo mtungi wa bia hausimamishwi kichwa chini wala haulazwi, unasimama wima na unafungwa kamba au mnyororo ukutani.

Lingine ni hewa. CO2 ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini, haina rangi, na huwezi kuiona ikijaa. Kilo 1 ya CO2 inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Piga hesabu mwenyewe, mtungi wa kilo 6 ukivuja wote kwenye kastoo ka mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5, umejaza zaidi ya asilimia 13 ya chumba kwa gesi hiyo, na asilimia 10 tu inatosha kumfanya mtu apoteze fahamu ndani ya dakika chache. Watoto wanacheza chini, paka na mbwa wanalala chini. Kwa hiyo kazi hii ifanyie barazani au uani, na chumba cha mtungi kiwe na dirisha linalofunguka na uwazi chini ya mlango.

VITU VYA KUANDAA

Spana inayoingia sawasawa kwenye nati ya mtungi, na ile ya kurekebisha ambayo mafundi wanaiita spana malaya kwa ajili ya kazi ndogo ndogo. Mswaki mpya laini, pamba za masikio, kitambaa kisichotoa nyuzi, beseni, sabuni ya kuoshea vyombo, spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta (ile ya bluu ya kuwashia jiko haifai), chupa ya kupuliza, washa mpya za nailoni za nati ya mtungi, oringi (pete za mpira) za vichwa vya kegi, na grisi ya silikoni ya vyakula. Vaselini usiweke, inaharibu baadhi ya mipira na mafuta yake yakifika kwenye bia yanaua povu. Jiki pia iache, klorini inakula chuma, na sabuni yoyote yenye amonia hapana kabisa maana amonia inapasua shaba ya njano, ufa unaanza mdogo huuoni, siku moja unafungua mtungi ndio unajua.

HATUA YA KWANZA: KUTOA PRESHA YOTE

Hapa mpangilio ni muhimu kuliko nguvu. Anza kwa kuchomoa kichwa cha gesi kwenye kegi, yaani kile kiunganishi cha paipu ya gesi. Ukianza kutoa presha kwenye paipu wakati kegi bado imeunganishwa, presha ya kegi inakuwa kubwa kuliko ya paipu na bia au povu linapanda moja kwa moja kuelekea regyuleta, yaani usafi wenyewe ndio unaleta uchafu. Kwa kegi za Cornelius za ball lock kichwa cha kijivu ndio cha gesi na cheusi ni cha bia, usichanganye.

Ukishachomoa funga mtungi, zungusha kulia mpaka mwisho. Sasa toa gesi iliyobaki kwa kuvuta pete ya vali ya usalama ya regyuleta, kama haina bonyeza kile kipini katikati ya kichwa cha gesi kwa kijiti kisafi. Angalia geji zote mbili, kubwa ya presha ya mtungi na ndogo ya presha inayokwenda kwenye kegi, mpaka zilale sifuri. Baada ya hapo ndio ulegeze skrubu ya presha, zungusha kushoto mpaka ucheze kwa kidole bila kugusa springi. Wengi wanafanya kinyume, wanalegeza skrubu kwanza, sasa ukilegeza skrubu tundu la ndani linajifunga na gesi ya upande wa mtungi inabaki imenaswa humo na bar zake 60, geji ndogo inasoma sifuri na wewe unadhani kote kumekwisha.

Fungua nati ya mtungi taratibu. Nati ya CO2 inafunguka kwa kuzungusha kushoto kama kawaida, sio kama ile ya mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia ambayo inaenda kinyume.

HATUA YA PILI: KUNUSA NA KUANGALIA

Kuna mzee mmoja fundi friji kule Ng'ambo, ukimpelekea regyuleta kabla hata hajavaa miwani anaileta puani. "Mwanangu, nusa kwanza," anasema. "Ikinuka bia usihangaike na geji, fungua." Na ndivyo ilivyo. Weka pua kwenye tundu la kutokea gesi, upande wa paipu. Ikiwa haina harufu, au ina harufu ya chuma tu, hiyo inahitaji usafi wa nje na paipu, hakuna haja ya kuifungua tumbo. Ikinuka siki, mkate uliochacha au uvundo, bia imeingia.

Halafu tazama paipu ya gesi kwenye mwanga. Paipu nyeupe inayoonyesha ndani inasaidia sana hapa, kama kuna mstari wa kahawia au matone yaliyokauka fuata umbali wake, ikiwa yameishia karibu na kegi una bahati, yakiwa yamefika mpaka kwenye regyuleta ujue kazi ipo. Geji ndogo nayo itazame, sindano inayokataa kurudi sifuri au inayoruka ruka ni dalili.

Na kwetu huku kuna mdudu wa kuangalia, wale nyigu wanaojenga kwa udongo. Wanapenda matundu madogo, na bonneti ya regyuleta (kile kifuniko cha springi) huwa ina katundu ka kupumulia. Ukiiacha regyuleta ukutani wiki kadhaa bila kazi wanaingia wanaziba na tope lao, likishakauka diaframu haipumui vizuri na presha inaanza kukuchanganya. Toa kwa kijiti cha mti kilicholowanishwa maji, sio kwa msumari, utatoboa kitu.

HATUA YA TATU: SEHEMU YA KUINGILIA GESI

Kwenye mdomo unaoingia mtungini toa washa ya zamani. Kama ni ya nailoni na bado iko bapa bila mikunjo unaweza kuirudia, kama ni ya karatasi ngumu itupe kila unapobadilisha mtungi, bei yake ni ndogo kuliko mtungi mzima wa gesi utakaovuja usiku. Regyuleta nyingine zina oringi iliyojengewa humo humo, hizo hazihitaji washa, ukiongeza washa juu yake ndio zinavuja.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba usizungushie kwenye thredi za nati ya mtungi! Kinachozuia gesi pale ni washa iliyobanwa bapa, sio thredi. Tepu inafanya nati ionekane imekaza kumbe washa haijabanwa, na vipande vyake vinaingia ndani vinakwenda kukaa kwenye siti. Tepu ina sehemu yake, kwenye geji na viunganishi vyenye thredi za kubana, huko sawa.

Ndani ya huo mdomo kuna kafilta kadogo ka shaba kenye vitundu. Kipulize, kifute na pamba ya sikio yenye spiriti kidogo, kikiwa cheusi au kina grisi kibadilishe. Usikitoe ukaendesha bila filta, vumbi la Tabora la mwezi wa 8 na wa 9 unalijua mwenyewe. Na kabla ya kufunga mtungi mpya, utoe nje, geuza mdomo wa vali mbali na uso wako na watu, fungua robo tu kwa nukta moja halafu ufunge, gesi inatoa vumbi na kutu iliyokaa mdomoni. Mitungi inayosafirishwa kwenye malori mpaka huku inakuja na mchanga wa njia nzima.

HATUA YA NNE: PAIPU, VICHWA NA CHEKI VALI

Hii ndio sehemu ya kufanya kila unapobadilisha mtungi na haichukui muda. Chomoa paipu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni maalum ya vifaa vya bia kama PBW, kama huna sabuni ya vyombo itafaa, suuza mpaka isiwe na utelezi, ning'iniza ikauke kabisa. Paipu iliyogeuka ya kahawia ndani usibishane nayo, kata tupa weka mpya. Vichwa vya gesi vina skrubu juu, fungua, toa kipini na springi, sugua kwa mswaki, suuza, kausha, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye oringi, kiasi cha kung'aa tu.

Cheki vali ni ile vali ndogo inayoruhusu gesi kwenda kwenye kegi na kukataa isirudi. Kama regyuleta yako haina, hicho ndio kitu cha kwanza kuagiza kabla hata ya geji mpya. Kuipima ni rahisi, ikishakuwa safi puliza kwa mdomo, upande mmoja pumzi ipite, upande wa pili igome kabisa. Ikipitisha pande zote loweka tena na suuza, ikiendelea badilisha. Bia ikishakauka kwenye cheki vali inaiacha wazi na wewe unaendelea kuiamini.

HATUA YA TANO: KUFUNGUA NDANI, KAMA BIA IMEINGIA KWELI

Nasema tena, kama haikuingia bia na presha haitambai, usifungue. Kama unafungua, hakikisha una kiti ya spea ya modeli yako, yaani seti ya vipuri (diaframu, siti na sili), maana diaframu ya zamani ukishaitoa mara nyingi haikai tena kama mwanzo. Chukua simu, piga picha kila kipande kabla hujakitoa, pande zote, kwa mpangilio.

Skrubu ya presha iwe imelegea kabisa, hili siliongezi chumvi, springi ikiwa imebanwa ukifungua bonneti inakurukia usoni. Bana mwili wa regyuleta kwenye vaisi yenye kitambaa au mbao laini, fungua bonneti, nyingine ni nati moja kubwa, nyingine bolti nne. Inua bonneti, toa springi, toa sahani yake, halafu inua diaframu kwa kidole polepole. Kwenye regyuleta iliyokunywa bia hapo ndipo utauona ukweli, duara la kahawia linalonata kuzunguka diaframu, vitone vyeusi vya ukungu pembeni, na ukigusa kile kipini cha katikati kinashuka kizito badala ya kuruka kwa springi yake.

Osha kile chumba kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni, sugua kwa mswaki laini na pamba za masikio kwenye kona. Usichemshe, usitumie brashi ya waya wala stilwaya, mkwaruzo mmoja kwenye siti unaleta presha ya kutambaa ya kudumu. Suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pitisha spiriti, halafu acha vipande vyote vikae juu ya kitambaa kisafi ndani ya nyumba mpaka kesho yake. Usianike uani, upepo wa kiangazi utakurudishia mchanga. Ukavu hapa sio urembo, CO2 ikikutana na maji inakuwa asidi nyepesi inayokula shaba taratibu, na unyevu uliobaki unaganda barafu kwenye tundu siku ukitumia gesi nyingi kwa mkupuo.

Upande wa presha kubwa, yaani kuanzia filta mpaka siti, mtu wa kawaida aishie kubadilisha siti iliyokuja kwenye kiti ya spea kama maelekezo ya modeli yake yanaonyesha hivyo. Vali ya usalama usiifungue, usiikaze, usiizibe hata kama inavuja, inatolewa nzima na kuwekwa nyingine ya kiwango kile kile. Niliwahi kuona mtu kaziba ya kwake kwa bolti kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Ilikuwa inapiga kelele kwa sababu presha ilikuwa inatambaa, na kegi nyingi za Cornelius mwisho wake ni psi 130, mtungi una zaidi ya 800. Hiyo sio kazi ya kufanyia nyumbani kwenye watu.

Geji sasa. Ndani yake kuna kabomba kembamba kaliopinda kama alama ya kuuliza, presha ikiingia kanajaribu kunyooka na ndio kanasukuma sindano, ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon aliousajili mwaka 1849 na mpaka leo unatumika sana. Uzuri wake unageuka tatizo bia ikiingia, maana hako kabomba kameziba mwisho, maji ya kuoshea hayazunguki. Geji iliyoingia bia ibadilishe tu. Unapoifungua chunguza nati yake, ukiona ina vikato vidogo kwenye pembe zake hiyo ni thredi ya kushoto, inafunguka kwa kuzungusha kulia, ukilazimisha kushoto utaikata ikabaki nusu ndani.

HATUA YA SITA: KURUDISHA NA KUPIMA

Rudisha kwa kufuata picha zako kuanzia ya mwisho. Diaframu ikae bapa bila mkunjo, kaza bonneti kwa kiasi, kama ni bolti kaza kwa msalaba. Nati ya mtungi kaza kwa spana mpaka ishike, usining'inie.

Skrubu ikiwa imelegea, simama pembeni ya geji sio mbele yake, fungua mtungi polepole sana mpaka sindano kubwa ipande, halafu endelea kufungua mpaka mwisho maana vali nyingi za CO2 zinaziba vizuri kwenye shina lake zikiwa wazi kabisa, ukiiacha nusu inavujia pale juu. Puliza maji ya sabuni kila kiunganishi, nati ya mtungi, shina la vali, geji zote, bonneti, paipu, vichwa. Subiri. Liki kubwa inatoa povu hapo hapo, ndogo inakuja na vitone vidogo vyeupe baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kufuta. Ukimaliza suuza sabuni yote.

Baada ya hapo kipimo cha kutambaa. Kaza skrubu mpaka psi 10 huku hakuna kegi iliyounganishwa, weka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji, iache nusu saa. Ikibaki pale pale safi. Ikipanda na kuendelea kupanda, siti ni chafu au imekwisha.

Kipimo cha mwisho ni cha usiku. Funga mtungi, acha presha ndani, soma geji zote, rudi kesho. Ila kuwa makini na hali ya hewa, mwezi wa 6 na wa 7 Tabora mchana joto usiku baridi, gesi ikipoa presha inashuka bila hata tone kuvuja, kutoka nyuzi 25 kwenda 15 geji kubwa inaweza kushuka zaidi ya bar 10. Soma saa ile ile uliyosoma jana, hali ya joto ikiwa imefanana, ndio uamue.

KUSOMA GEJI KWA HALI YA TABORA

Geji kubwa haikuonyeshi gesi imebaki kiasi gani. Ndani ya mtungi CO2 iko kama kimiminika na mvuke, na presha inafuata joto tu mpaka kimiminika kiishe, hapo ndio sindano inaporomoka na umebakiwa na gesi ya siku chache. Na juu ya nyuzi 31 CO2 haiwi tena kimiminika kabisa, kwa hiyo mchana wa mwezi wa 10 hiyo geji inasoma mambo mengine kabisa. Pima kwa mizani. Shingoni mwa mtungi kumegongwa uzito mtupu, tafuta TW au TARE, toa hiyo namba kwenye uzito wa mizani, kinachobaki ndio gesi yako. Usisahau kuivua regyuleta kwanza au kutoa uzito wake. Na mtungi usikae juani, una kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi na kikipasuka mtungi mzima unamwagika.

Geji ndogo nayo ina jambo. Majedwali mengi ya kujaza gesi kwenye bia yameandikwa kwa usawa wa bahari, sisi Tabora tuko kama mita 1,200 juu, hewa ya huku ni nyepesi, na geji inapima tofauti na hewa ya nje. Ongeza kama psi 2. Jedwali likisema psi 12 kwa bia ya nyuzi 4, wewe weka 14, watu wanalalamika bia imepoa gesi wanafungua regyuleta isiyo na kosa lolote.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndio bia nyingi zinaporudi na watu hawajui. Bia yako iko nyuzi 4, imetulia kwenye psi 14, umeme unakatika mchana, friji inapanda taratibu mpaka nyuzi 28. Bia ya joto haishiki gesi, gesi inatoka kwenye bia inapanda juu ya kegi, na presha ndani ya kegi inaweza kupita psi 30. Regyuleta bado iko 14. Kama hakuna cheki vali, presha kubwa inakwenda kwenye ndogo, kegi inasukuma kurudi kwenye paipu, na kama uliijaza kegi mpaka juu au mtu kaitikisa, povu linakwenda nalo. Umeme ukirudi bia inapoa, inanyonya gesi, wewe unaona kila kitu kawaida huku povu liko ndani ya diaframu linakauka.

Dawa yake: umeme ukikatika zaidi ya saa moja au mbili, chomoa kichwa cha gesi kwenye kegi au funga koki ya paipu. Kabla ya kuunganisha tena vuta pete ya kegi itoe presha ya juu kwanza, halafu ndio uchomeke. Kegi usiijaze kupita mwisho wa kale kabomba kafupi ka gesi. Ukitaka kuitikisa kegi ili ishike gesi haraka, iache imesimama, na regyuleta iwekwe juu zaidi ya kegi muda wote. Na ukitaka kushusha presha, mfano kutoka psi 25 kwenda 12, kulegeza skrubu peke yake hakutoshi, regyuleta za aina hii hazitoi gesi nje, funga koki, toa presha ya kegi, ndio ulegeze.

Regyuleta na mtungi vikae nje ya friji. Ndani kuna unyevu unaoganda na kutoa jasho kila mlango ukifunguliwa, geji zinapata kutu na springi pia. Ukiona regyuleta imeota barafu wakati unajaza kegi kadhaa kwa pamoja, punguza kasi, funga, subiri iyeyuke yenyewe, usimwagie maji ya moto.

RATIBA NA KUHIFADHI

Kila ukibadilisha mtungi: washa, kafilta, paipu, povu la sabuni. Kila mwaka, mimi napendelea mwanzoni mwa mvua za mwezi wa 11 vumbi likishatulia, pima kutambaa, pima cheki vali, vuta pete ya vali ya usalama kuona springi yake inacheza na inarudi kuziba. Ukiiweka kabatini kwa muda, kausha, legeza skrubu kabisa ili springi na diaframu vipumzike, ziba matundu yote mawili kwa vizibo vya plastiki, ifunge kwenye mfuko safi dhidi ya nyigu na vumbi.

Na kwenye ule mfuko weka karatasi yenye jina la kampuni na namba ya modeli iliyogongwa mgongoni mwa regyuleta, maana ikichakaa hiyo namba inafutika na bila namba muuzaji wa spea hawezi kukupa diaframu sahihi. Ukiagiza, agiza kwa mkupuo mmoja: kiti ya spea, washa kumi hivi, oringi, cheki vali ya akiba na geji ndogo moja.